Dar hadi Tukuyu na mzee na watoto: tulale mji gani njiani?

Mjukuu wa Rungwe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Mwezi wa 12 tunatoka Mbezi kwenda Tukuyu kwa gari letu, Noah old model, otomatiki. Tuko sita: mimi na mke wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka mitatu) na mama mkwe, miaka 68, ana kisukari na anajichoma insulini asubuhi na jioni. Dereva ni mimi tu. Usiku siendeshi, hilo tumeshakubaliana.

Naomba ushauri wa kugawa njia. Tunapendelea miji midogo kuliko mikubwa, kwa sababu ya utulivu na ili gari lilale ndani ya geti. Wengine wananiambia nilale Ruaha Mbuyuni, wengine Ilula, wengine wanasema nijikaze hadi Makambako siku hiyohiyo. Nichague kwa kuangalia nini? Na nikifika gesti nikague vitu gani kabla ya kulipa?

Nyanda za Juu

Marahaba, karibu nyumbani.

Kilomita zisikuongoze. Mbezi hadi Tukuyu ni kama 880, na ukizigawa kati nusu yake inaangukia maeneo ya mlima Kitonga, kwa hiyo utaupanda jioni ukiwa umechoka, au utalala Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, huku mlima bado unakusubiri. Anza na sehemu mbili ambazo lazima uzipite mchana na akili yako ikiwa haijachoka: hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara inaikata kwa kama kilomita 50, na mpando wa Kitonga. Ukishajua utazipita saa ngapi, mji wa kulala unajipanga wenyewe.

Pili, mwendo. Usipige hesabu ya kilomita 80 kwa saa. Njia hii ina vijiji mfululizo vyenye kibao cha 50, ina matuta, ina rasta (vile vituta vidogo mfululizo), na ina malori ya Tunduma. Piga hesabu ya 55 hadi 60 kwa saa, hapo bado hujaweka vituo vya choo na chakula. Ukimaliza mapema, heri.

Kwa familia kama yako ningelala mara mbili, hivi.

Siku ya kwanza ni Mbezi hadi Mikumi mjini, kama kilomita 300. Toka saa 12 asubuhi. Morogoro, pale Msamvu, unafika kwenye saa 4. Kuleni, nyoosheni miguu. Mikumi mjini mnaingia saa 8 mchana au kabla ya saa 9. Wengi wanaona ni mapema mno kulala saa hiyo, na hapo ndipo wanapoharibu safari. Kutoka Mikumi hadi juu ya Kitonga ni saa mbili na nusu hadi tatu. Ukiendelea utaufikia mlima kwenye saa 11 jioni, gari limeshachoka na joto la mchana kutwa, wewe umeshakaa usukani saa kumi, na malori yamejipanga.

Siku ya pili ni Mikumi hadi Mafinga, kama 270. Ukitoka saa 1 asubuhi, Kitonga unaanza kuipanda saa 3 na kitu, hewa bado ya baridi. Ilula kwenye saa 4 na nusu, Ipogolo chini ya Iringa saa 5 na nusu, Mafinga saa 8 mchana.

Siku ya tatu ni Mafinga hadi Tukuyu, kama 300. Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole, kisha unakata kushoto. Mbeya mjini huingii kabisa. Saa 9 mchana mko nyumbani.

Siku zote tatu zinakaribiana kwa urefu, na hakuna hata moja inayomfanya mama akae kwenye kiti hadi giza.

Ruaha Mbuyuni ni pa kusimama na kula. Pako chini, bondeni mwa mto Ruaha Mkuu, na Desemba usiku ni joto na mbu. Faida ya kulala pale ni kuwa karibu na Kitonga tu, na faida hiyo unaipata Mikumi ukiamka na jogoo. Makambako kwa siku moja kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 660. Kwa dereva mmoja mwenye watoto na mgonjwa, hapana.

Binti Uhehe

Naungana na Nyanda za Juu kuhusu Mikumi. Niongeze kuhusu usiku wa pili, kwa sababu pale kuna miji minne inayoshindana na kila mmoja una tabia yake.

Ilula iko baada tu ya kumaliza Kitonga, kama kilomita 45 kabla ya Iringa. Ni mji wa nyanya na vitunguu, gesti zipo za bei nafuu, lakini nyingi ziko ukingoni mwa barabara kuu na malori yanashusha gia mbele ya dirisha lako usiku kucha. Inafaa zaidi kwa mtu aliyechelewa kwenye mlima na anaona giza linakuja. Iwekeni kama mji wa akiba.

Iringa mjini ni pazuri, lakini iko juu ya kilima, nje ya barabara kuu. Unapanda kutoka Ipogolo kama kilomita 3, na asubuhi unashuka tena. Chagueni Iringa kama mama atahitaji hospitali ya mkoa au kama mnataka kupumzika siku nzima.

Mafinga ni kama kilomita 80 mbele. Mji wa mbao, baridi hata Desemba usiku, mbu wachache. Gesti tulivu zinapatikana mitaa ya ndani, mita 300 au 400 kutoka barabara kuu. Ubaya wake ni kwamba ukiwa bado na joto la Mikumi mwilini unaingia kwenye baridi siku hiyohiyo, kwa hiyo masweta ya watoto yakae juu kwenye begi, siyo chini ya keria.

Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea. Malori, mabasi, upepo, kelele za stendi. Ina kila kitu, lakini wewe umesema unatafuta utulivu.

Kuhusu mama. Kabla ya safari andikeni kwenye karatasi hospitali zilizo njiani kwa mpangilio, maana mtandao ukikata hutaanza kutafuta: Morogoro mkoa, St. Kizito Mikumi, hospitali ya Walutheri Ilula, Iringa mkoa, hospitali ya Mafinga, ya Makambako, hospitali ya misheni Chimala, kisha za Mbeya, na Makandana kwenu Tukuyu. Sehemu ndefu isiyo na hospitali kubwa ni kati ya Mikumi na Ilula, na ndiyo hiyo yenye joto na mlima. Asubuhi ile asipande gari kabla hajapima sukari na kula.

Insulini isiwekwe kwenye dashibodi wala buti. Ikae kwenye kibegi cha kupozea ndani, miguuni, penye kivuli, na chupa isigusane na barafu. Iviringishwe kwanza kwa kitambaa, kwa sababu ikiganda hata mara moja haifai tena. Awe na juisi au sukari mkononi muda wote, siyo kwenye mfuko ulio nyuma, maana foleni moja ya lori lililolala barabarani inaweza kusogeza chakula cha mchana kwa saa tatu. Na kila saa mbili simameni dakika 15 atembee, miguu isivimbe.

Sasa gesti. Chumba kikaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni, na akague mtu mzima mmoja huku mwingine amebaki na watoto garini. Fungua bomba la maji ya moto uliache dakika mbili. Ukiambiwa "yanakuja", uliza kama ni ya hita au ya ndoo. Ya ndoo siyo mabaya kwa mtoto, ila ujue saa wanayowasha jiko. Funga mlango kwa ufunguo, ufungue, ufunge kwa komeo la ndani. Inua shuka la chini uangalie godoro. Kwa Mikumi angalia chandarua kama kina matundu na kama kinafika chini ya godoro, na washa feni uisikilize. Kwa Mafinga hesabu mablanketi: moja kwa kila mtu halitoshi, omba la pili saa hiyohiyo kabla mapokezi hawajalala. Choo cha kukaa kwa ajili ya mama, na kizingiti cha bafu kisiwe kirefu. Uliza chumba cha chini, siyo ghorofani.

Halafu sikiliza. Ukiona spika kubwa uani, au meza za plastiki zimepangwa, hiyo ni baa yenye vyumba, na Ijumaa na Jumamosi muziki utaenda hadi usiku wa manane. Tafuta nyingine. Njia rahisi ya kupata gesti tulivu ni kumuuliza mwenye duka la dawa au duka la vifaa vya shule pale mjini. Bodaboda wa stendi atakupeleka anapopewa chochote.

Desemba kuanzia tarehe 20 vyumba vinajaa kwa watu wanaorudi nyumbani. Piga simu siku mbili kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Usitume pesa yote kwa namba uliyoiokota mtandaoni. Kama wanadai kishika nafasi, omba wakutumie jina la biashara lililosajiliwa kwenye namba ya malipo na ulinganishe na bango la gesti.

Mjukuu wa Rungwe

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nimeshachora Mikumi na Mafinga. Kinachonibakizia wasiwasi ni Kitonga na Noah yenye watu sita na mizigo kwenye keria. Nipande na gia gani? Na likitokea lori limeanguka mlimani, kuna njia nyingine?

Fundi Rejeta

Mkuu, Noah old model injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo moto wake unausikia mapajani kabla mshale haujapanda. Usiusubiri mshale.

Wiki mbili kabla, siyo siku ya kuamkia safari, fanya haya. Rejeta ikaguliwe na gari likiwa limepoa: fungua mfuniko, maji yawe yamejaa hadi shingoni na yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini). Yakiwa ya kutu, suuza mfumo wote uweke kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Mfuniko wenyewe mpira wake ukiwa umekauka au umepasuka, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachochemsha magari mengi mlimani: presha haikai, maji yanachemka mapema na kumwagikia tenki la akiba, na kutoka hapo yanaishia barabarani. Minya hozi ya juu na ya chini. Ikiwa ngumu kama plastiki au imevimba pale kwenye klipu, iondoke. Kisha acha gari liungurume dakika 20 uone feni inafanya kazi.

Pia oili ya gia boksi. Kwenye hizi Toyota kipimo chake kinasomwa injini ikiwa inaunguruma na gia iko P, imeshapata moto. Ikinuka kuungua na ikiwa nyeusi, mpando mrefu utaimaliza kabisa.

Matairi: upepo usiuweke wa kukisia wala ule anaoujua mtu wa pancha. Soma stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Fungua spea uione kwa macho. Ikiwa ni ile nyembamba, upepo wake ni psi 60 na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa hadi uifikishe mjini. Na kama magurudumu yana nati za kufuli, ufunguo wake uwe kwenye kisanduku cha jeki. Magari mengi yaliyotoka Japani hufika bila huo ufunguo, na watu hugundua wakiwa porini.

Mlimani sasa. Kabla ya kuanza Kitonga simama chini, pumzisha gari dakika 15 bila kulizima ghafla, acha liungurume kwanza dakika moja au mbili. Zima AC, fungua madirisha. Bonyeza kitufe cha pembeni ya gia, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, ili gari lisiingie gia ya juu kabisa. Ukiona gari linabadilisha gia mbele na nyuma kila kona, shusha hadi 2 uiache hapo. Mwendo wa 30 au 40 unatosha, mpando wenyewe ni kama kilomita 10 tu. Kosa la wengi ni kukanyaga mafuta hadi mwisho kwenye D ili walipite lori. Gia boksi inachemka, injini inachemka, na kona imeshafika.

Mshale ukipanda juu ya kawaida yake, washa hita ya ndani kwenye moto wa mwisho na feni kwa nguvu. Mtapata joto, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inaweza kukufikisha kwenye nafasi ya kuegesha. Ukisimama, usifungue mfuniko wa rejeta. Subiri angalau dakika 40, hozi ya juu ikibonyea kwa vidole bila kukuunguza ndipo ufungue kwa kitambaa, taratibu, na uongeze maji injini ikiwa inaunguruma. Maji baridi ya ghafla kwenye injini ya moto ndiyo yanayopasua silinda hedi. Beba lita 10 za maji kwa ajili ya gari, mbali na ya kunywa.

Mafuta: gari lako likijaa mzigo litakupa kilomita 8 au 9 kwa lita. Safari nzima ni kama lita 100. Jaza Dar, ongeza Mikumi ukiwa unaingia, ongeza tena Mafinga. Usiruhusu ishuke chini ya nusu kati ya Mikumi na Iringa, siyo kwa sababu sheli hazipo, bali kwa sababu ya zile foleni za mlimani.

Usukani

Nijibu hilo la lori kuanguka.

Njia nyingine ipo, ni kupita Dodoma na Mtera kisha Iringa, lami yote. Lakini uamuzi unafanyika Msamvu, Morogoro, siyo mbele yake. Morogoro hadi Iringa kwa Mikumi ni kama 310. Kwa Dodoma ni zaidi ya 500. Ukishafika Mikumi hakuna maana ya kurudi, ni bora kulala hapohapo hadi njia ifunguliwe. Ndiyo faida nyingine ya kulala Mikumi ambayo haijatajwa: asubuhi unawauliza madereva wa malori yaliyotoka Iringa usiku, wanajua hali ya mlima kuliko mtu yeyote. Waulize maneno mawili tu: "Kitonga panapitika?"

Ukiwa unapanda na ukaona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, punguza hapohapo. Kuna gari limesimama mbele, mara nyingi baada tu ya kona, mita 50 au chini. Usiyakwepe matawi kwa kuhamia kulia kabla hujaona anayeshuka. Na wewe ukikwama weka vibao vya pembetatu, kimoja mbele na kimoja nyuma, hatua mia moja ikiwezekana, halafu familia nzima ishuke ikae upande wa mlimani nje ya barabara, isikae garini.

Hifadhini Mikumi kupita kwenye barabara kuu hakuna kiingilio, ila kutoka barabarani na kuteremka garini haviruhusiwi. Fuata mwendo wa vibao. Kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Nyani wanasogelea magari yanayosimama, kwa hiyo watoto wasitoe ndizi dirishani. Saa za jioni twiga na tembo huvuka, sababu nyingine ya kuingia Mikumi mjini kabla ya saa 10.

Trafiki: kibao cha 50 kinaendelea hadi uone kile cha kufuta 50, hata kama nyumba zimeisha. Tochi (kipima mwendo cha trafiki) hukaa pale ambapo nyumba zimeisha na kibao cha kufuta bado. Faini inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kabla ya kutoka hakikisha mtungi wa kuzimia moto haujapita muda na bima inaishia baada ya tarehe ya kurudi.

Kwenye mizani kama Vigwaza, Mikese, Wenda na Makambako wewe hupimwi, lakini foleni ya malori inajaa upande wa kushoto na yanatokea ghafla. Pita taratibu.

Chakula cha mchana: mabasi ya Dar husimama kwenye hoteli za Ruaha Mbuyuni hadi chini ya Kitonga, yakifika matano kwa pamoja choo ni foleni na chakula kimepoa. Wewe utapita pale asubuhi, kwa hiyo itakuwa wazi. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula na mchele wa Igurusi nunueni wakati wa kurudi. Keria ikiwa nyepesi kwenda, gari litapanda vizuri.

Kurudi mambo yanageuka. Kitonga unaishuka, na tatizo linakuwa breki badala ya rejeta. Shusha gia kabla ya kuanza mteremko, gari lizuiwe na injini, kanyaga breki kwa vipindi na siyo kuikalia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama kwenye nafasi pana na uache magurudumu yapoe bila kuyamwagia maji. Kurudi lala Ilula au Iringa ili mteremko uwe asubuhi.

Jambo la mwisho ni kilomita zile 60 za Uyole hadi Tukuyu. Desemba mvua imeshaanza kule kwenu, na kuanzia Isongole hadi Kiwira ukungu unaweza kushuka hata saa 8 mchana. Washa taa za chini, siyo full, maana full inarudi machoni kama ukuta mweupe. Badilisha mpira wa waipa kabla hujatoka Dar. Wa zamani unafuta vizuri vumbi la Mbezi, lakini kwenye mvua ya Rungwe unapaka tu maji kwenye kioo.